Sura ya Nne: Mashamba Matatu ya Mdawida

Abiria wa basi la usiku litokalo Mombasa kwenda Nairobi huipita Kaunti ya Taita Taveta akiwa amelala. Akizinduka Maungu, ataona malori yamejipanga kando ya barabara, madereva wakipumzika. Akizinduka Voi, atashuka anyooshe miguu, anywe chai, arudi kitini. Asubuhi akiulizwa ameona nini njiani, atajibu kwamba alipita nyika tupu.

Nyika hiyo ina mengi yanayoipita. Kuna barabara kuu iendayo hadi Uganda na Rwanda. Kuna reli ya zamani, iliyofika Voi mwishoni mwa karne ya 19, na kuna reli mpya ya SGR iliyoanza kubeba abiria mwaka 2017. Nyaya za umeme mkubwa hukatiza mbugani. Liko pia bomba lenye urefu wa kilomita 220 hivi linalotoa maji Mzima, ndani ya mbuga ya Tsavo Magharibi, na kuyafikisha Mombasa. Ndovu nao hupita, pamoja na watalii wanaokuja kuwatazama.

Sura hii inawahusu watu ambao vitu hivyo vyote huwapita mlangoni. Sensa ya 2019 iliwahesabu 340,671, katika kaunti yenye ukubwa wa kilomita za mraba 17,084. Ukigawa namba hizo utapata watu 20 kwa kila kilomita ya mraba, na utadhani kila mmoja ana ardhi ya kumwaga. Hesabu hiyo haisemi kwamba mbuga za Tsavo zimechukua takriban asilimia 62 ya kaunti. Ukiiondoa mbuga, idadi inapanda hadi watu zaidi ya 50 kwa kilomita ya mraba. Ukiondoa tena ranchi na mashamba makubwa ya mkonge, ndipo unapoelewa kwa nini milimani Wundanyi nyumba zimebanana na vishamba vimegawanywa na kugawanywa tena, hadi mrithi wa leo anapata ngazi mbili tatu za mteremko.

Juu, kati na chini

Wadawida, ambao wengi huwajua kwa jina la Wataita, hukaa kwenye milima inayoinuka ghafla kutoka nyikani. Kilele cha Vuria kinafika mita 2,208. Kuna safu tatu: Dawida yenyewe, Saghala iliyo karibu na Voi, na Kasighau iliyojitenga kusini. Upande wa magharibi, mpakani na Tanzania, wako Wataveta, wanaoishi kwa chemchemi zinazoletwa chini ya ardhi na Mlima Kilimanjaro.

Milima hii inakinga upepo unaotoka Bahari ya Hindi. Ukungu hutua juu, mvua hunyesha juu, na bonde hubaki kavu. Mtu anaweza kuondoka Wundanyi asubuhi amejifunika sweta na, baada ya saa moja ya matatu, awe Mwatate akitafuta kivuli. Wazee wa Kidawida waliisoma hali hiyo wakaifanya mpango wa maisha. Mji mmoja, yaani boma la familia moja, haukutegemea shamba moja. Ulikuwa na kipande juu penye baridi na unyevu, kwa miwa, ndizi na magimbi. Ulikuwa na kipande cha kati kwa mahindi na maharagwe. Na ulikuwa na kipande cha chini, pembeni mwa nyika, kwa mtama, kunde, mbaazi na mihogo, huku mifugo ikilishwa uwandani. Mifereji ilichimbwa kuteremsha maji ya vijito hadi mashambani, na zamu za kufungulia maji zilijulikana.

Mpango huo ulikuwa na maana kubwa. Mvua ikikosa chini, juu kulibaki na chakula. Baridi na ukungu vikiharibu mazao ya juu, chini kulikuwa na mtama. Ndiyo maana napenda kuanza kueleza maisha ya huku kwa kutaja chakula chao, kimanga: mihogo, ndizi au maboga yaliyopondwa pamoja na kunde au maharagwe. Katika sufuria moja mlima hukutana na bonde. Anayekula kimanga anakula mashamba yake yote kwa pamoja.

Tukiuliza leo kama mtu wa Taita Taveta anaishi vizuri, swali la kwanza liwe hili: katika mashamba yake matatu, yamebaki mangapi?

Shamba la chini lilivyokwenda

Lililotangulia kupotea ni la chini. Serikali ya kikoloni iliitazama nyika ikaona ardhi isiyo na mwenyewe, kwa sababu haikuona nyumba. Haikujua kwamba nyumba ilikuwa mlimani na bonde lilikuwa ghala lake. Ardhi ya Mwatate ikaingia katika mkonge. Kule Taveta, mlowezi Ewart Grogan alijipatia eneo kubwa na miaka ya 1930 akajenga jumba juu ya kilima, ambalo bado limesimama. Watu waliokuwa wakilima na kuchunga hapo wakawa maskwota, neno ambalo wajukuu wao wangali wanaitwa.

Vita Kuu ya Kwanza ilifanya mambo kuwa mabaya zaidi. Taveta ilitekwa na Wajerumani Agosti 1914. Waingereza wakajenga reli kutoka Voi kuelekea huko ili wapitishe askari na mizinga, na Februari 1916 mapigano makali yakatokea katika kilima cha Salaita. Watu wa Kasighau waliadhibiwa kwa vita visivyokuwa vyao. Mwaka 1915, baada ya Wajerumani kuuteka mlima wao, Waingereza waliwashuku kuwa wasaliti, wakawahamisha hadi pwani upande wa Malindi. Wengi walikufa huko kwa maradhi, na waliosalia walikaa miaka mingi kabla ya kuruhusiwa kuuona tena mlima wao.

Mwaka 1948 ikatangazwa mbuga ya Tsavo. Mstari uliochorwa kwenye ramani ukawa ukuta: upande huu mtu, upande ule mnyama. Ndovu hawakuonyeshwa ramani hiyo.

Wadawida hawakunyamaza. Walianzisha Taita Hills Association kupigania ardhi na mifugo yao, na mwaka 1940 chama hicho kikapigwa marufuku pamoja na vyama vya Wakikuyu na Wakamba. Walipiga mbio za elimu pia. Wamisionari walikuwa wamefika Saghala mwaka 1883 na Bura mwaka 1892, na shule zikageuka kuwa shamba jipya. Mtoto aliyesoma alikwenda Mombasa au Nairobi, akawa mwalimu, karani, muuguzi, na mshahara wake ukapanda mlima mwisho wa mwezi. Hadi leo nyumba nyingi za Dawida zinaendeshwa na pesa zinazoingia kwa simu kutoka mjini. Ni msaada mkubwa, nami sitaudharau. Lakini kijana anayeondoka kwa sababu hana pa kulima haondoki sawa na anayeondoka kwa sababu anataka kuona dunia.

Maji

Mvua inayonyesha kwenye vilima vya Chyulu haitiririki juu ya ardhi. Udongo wa majivu na mawe ya volkano huinywa, ikapita chini kwa chini, na ikatokea Mzima, safi, katikati ya nchi kame. Viboko na mamba wanaogelea humo. Miaka ya 1950 likatandazwa bomba, na maji yakaanza kuteremka hadi Mombasa bila pampu, kwa nguvu ya mteremko peke yake. Kwa mhandisi hiyo ni kazi ya kujivunia, na mji wa Mombasa haungeweza kukua bila maji.

Kwa mama wa kijiji kilicho katikati ya njia hiyo, bomba lina sura nyingine. Voi hupata sehemu ya maji hayo, na kuna mahali kadhaa yalikotolewa matawi. Lakini viko vijiji vya nyikani ambavyo watu wake hupanga mitungi kuanzia alfajiri kwenye kioski, au husubiri gari la maji, au huchimba mchanga wa korongo lililokauka, ilhali maji yaliyozaliwa katika kaunti yao yanapita yakienda kuogesha watu wa mbali. Siyatamki haya kwa kuwaonea wivu watu wa Mombasa, ambao nao wana mifereji yao mikavu. Nayasema kwa kuwa haki ya mwenye kisima ni kunywa kabla ya kisima kuwa mali ya taifa.

Tuhesabu kidogo. Shirika la Afya Duniani limeeleza kwamba mtu huhitaji lita 50 hadi 100 kwa siku ili aishi kwa afya na usafi. Familia ya watu watano, basi, huhitaji lita 250 hadi 500. Mtungi wa kawaida una lita 20 na uzito wake ukijaa ni kilo 20. Hiyo ni mitungi 13 hadi 25 kila siku. Hakuna mgongo wala punda anayeweza kazi hiyo kwa umbali wa kilomita tatu. Kwa hiyo familia hujipunja: mitungi minne, mitano. Methali husema maji ya kifuu ni bahari ya chungu, lakini binadamu si chungu. Maji yakipunguzwa, kinachokatwa kwanza ni kunawa, kisha kufua, kisha bustani ya mboga nyuma ya jiko. Kinachofuata ni muda wa masomo wa msichana, maana mara nyingi ndiye anayetumwa.

Kati ya mwisho wa 2020 na mwisho wa 2022 misimu mitano ya mvua ilikosa mfululizo katika sehemu kubwa ya Kenya kavu, na Taita Taveta ilikuwa miongoni mwa kaunti zilizoumia. Ng'ombe walikufa kwenye ranchi. Waliovumilia vizuri zaidi walikuwa wale wenye tangi la kuvuna maji ya paa, au jamaa juu mlimani. Shamba la juu, pale lilipobaki, liliokoa tena watu wa chini. Ila misitu inayonasa ukungu nayo imekonda. Ngangao, mmoja wa misitu ya asili iliyosalia Dawida, una hekta 120 hivi tu, na mingine mingi ni vipande vidogo kuliko huo. Anayekata mti wa Ngangao anaikata chemchemi ya mtu aliye mbali naye, chini bondeni.

Usiku wa ndovu

Eneo la Tsavo lina kundi kubwa kuliko yote ya ndovu nchini Kenya. Hesabu ya mwaka 2021 ilipata takriban 15,000. Ni habari njema kwa wanyama waliouawa ovyo kwa ajili ya pembe katika miaka ya 1970 na 1980, na mtu wa Taita ana haki ya kuifurahia, kwa kuwa ndiye aliyelipa sehemu ya gharama.

Gharama hiyo hulipwa usiku. Mahindi yanapokaribia kukomaa, mkulima wa pembezoni mwa mbuga huhamia shambani. Hujenga dungu, hukusanya kuni, madebe na tochi, akakesha. Wiki tatu za kukesha humaliza mwili wa mtu. Asubuhi hana nguvu ya kibarua, na mtoto aliyemsindikiza analala darasani. Katika vijiji vingine wanafunzi hungoja jua lichomoze vizuri ndipo waende shule, kwa kuhofia kumkuta ndovu njiani. Kisha usiku mmoja mkulima anapitiwa na usingizi, na kazi ya msimu mzima inaliwa kwa saa moja. Ripoti zinaandika magunia yaliyopotea. Usingizi uliopotea hakuna anayeuandika.

Sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013 iliweka fidia: shilingi milioni 5 mtu akiuawa, milioni 3 akipata ulemavu wa kudumu, hadi milioni 2 kwa majeraha mengine, na malipo kwa mazao na mifugo. Kwenye karatasi ni sheria yenye huruma. Vijijini, fidia imekuwa ni fomu, ukaguzi, kamati na miaka ya kusubiri. Aliyefiwa na mlezi wa nyumba hawezi kuwaambia watoto wangoje kamati ikae.

Lakini Saghala kuna jambo lililonipa moyo kuliko mengi niliyoyaona nikiandika kitabu hiki. Mtafiti Lucy King na wenzake wa Save the Elephants, pamoja na wakulima wa hapo, walizungushia mashamba mizinga ya nyuki. Mizinga huning'inizwa kila baada ya mita kumi, ikiunganishwa kwa waya. Ndovu akiugusa waya, mizinga hutikisika na nyuki hutoka. Mnyama huyo mkubwa anaogopa kuumwa machoni na ndani ya mkonga, hivyo hugeuka. Utafiti uliochapishwa mwaka 2017 ulionyesha kwamba asilimia 80 ya ndovu waliosogelea nyua hizo waligeuzwa. Ukame ukizidi, nyuki huhama na ua hudhoofika. Si dawa ya kila mahali. Hata hivyo, tazama kilichotokea: mkulima amelala, mahindi yamesimama, ndovu yu hai, na msimu ukiisha kuna asali ya kuuza. Kitu kilichokuwa kikipita na kuharibu kimeacha kitu nyumbani.

Mawe na miti

Chini ya nyika ya kaunti hii kuna vito. Tsavorite, jiwe la kijani lililopewa jina kutokana na Tsavo, liligunduliwa nchini Kenya na Campbell Bridges mwanzoni mwa miaka ya 1970, na likapewa jina hilo mwaka 1974. Ukifika kwenye mashimo ya upande wa Kasighau utawakuta vijana wanaoitwa zurura, wanaohama na habari za jiwe: wakisikia limetoka mahali fulani, hufunga sururu na blanketi na kwenda. Hushuka shimoni kwa kamba. Wakipata, humuuzia broka aliyewakopesha unga, kwa bei anayoitaja broka. Jiwe hilo litasuguliwa mbali na kuvaliwa mbali zaidi. Penye miti, walisema wahenga, hakuna wajenzi.

Sheria ya Madini ya 2016 iligawa mrabaha: asilimia 70 kwa serikali kuu, 20 kwa kaunti, 10 kwa jamii inayoishi penye madini. Wananchi wamesubiri miaka mingi kuiona asilimia yao kumi. Kituo cha vito kilichojengwa Voi kilikusudiwa kumpa mchimbaji mahali pa kulipima jiwe lake, kulisugua na kuliuza mbele ya watu wengi. Mchimbaji anayejua thamani ya alichoshika mkononi hadanganyiki kwa unga.

Kati ya Tsavo Mashariki na Magharibi, kwenye ranchi zinazozunguka Maungu na Kasighau, miti yenyewe imekuwa zao. Mradi wa Kasighau, unaolinda takriban hekta 200,000 za vichaka na misitu kavu, mwaka 2011 ulikuwa wa kwanza duniani wa aina yake kupewa hati za hewa ya ukaa, yaani za kaboni iliyozuiwa isiingie angani, chini ya kipimo cha hiari kinachotumiwa na wengi. Kampuni za mbali hununua hati hizo, na sehemu ya fedha hurudi vijijini kama basari, matangi ya maji na madarasa. Maswali ya nani anapata kiasi gani ni ya haki na yaendelee kuulizwa. Jambo lililo wazi ni kwamba mahali ambapo pesa zilifika, watu wanajua tangi lilipo na mtoto aliyesomeshwa ni wa nani.

Serikali iliyosogea

Katiba ya 2010 ilizaa kaunti 47, zilizoanza kazi mwaka 2013, na ikaamuru zigawiwe angalau asilimia 15 ya mapato ya taifa. Afya ikawa ya kaunti. Kwa Taita Taveta, yenye makao makuu Mwatate, maana yake ilikuwa kwamba zahanati ya Mwakitau au Challa sasa ina mwenyewe wa kuulizwa, naye hayuko Nairobi. Barabara ya lami kutoka Mwatate hadi Taveta imebadilisha siku za soko. Jumatano na Jumamosi ndizi za Taveta hupakiwa na kufika Voi na Mombasa zikiwa bado imara, ilhali zamani vumbi na mashimo yalizimaliza njiani.

Yapo pia ya kusikitisha. Mgonjwa mahututi angali anasafirishwa kilomita 150 hivi kutoka Voi hadi Mombasa kwa matibabu makubwa, na kutoka Taveta njia ni ndefu zaidi. Mwaka 2019 mvutano wa bajeti kati ya gavana na bunge la kaunti ulifika hadi sahihi zikakusanywa za kutaka kaunti nzima ivunjwe. Wakubwa walipokuwa wakibishana, dawa hazikuongezeka hata kidonge kimoja. Kusogeza serikali karibu ni nusu ya kazi. Nusu iliyobaki ni mwananchi kuingia kwenye kikao cha bajeti na kuuliza tangi la kijiji chake liko ukurasa gani.

Mashamba mapya

Mpango wa zamani wa mashamba matatu hautarudi. Mbuga ipo na itakuwepo, mkonge umeota mizizi, na vitukuu ni wengi kuliko ngazi za mteremko. Lakini busara iliyokuwa ndani ya mpango ule haijafa. Ilisema nyumba isitegemee kitu kimoja, na mlima na bonde visaidiane.

Kwa hiyo naipima kaunti hii kwa kuuliza imempa mtu wake mashamba gani badala ya yale aliyopokonywa. Tawi la bomba la Mzima linalofika kijijini ni shamba: linarudisha saa ambazo mama huzipoteza akitafuta maji, na bustani ya nyuma ya jiko. Mgao wa viingilio vya Tsavo, ambao viongozi wa hapa wameudai kwa miaka, ungekuwa shamba la chini lililorudi kwa sura nyingine. Asilimia kumi ya madini ni shamba. Mzinga wa Saghala ni shamba lenye ulinzi wake.

Kijana wa Dawida anayerithi leo ngazi tatu za mteremko si maskini kwa sababu ngazi ni tatu. Ni maskini pale ngazi hizo zinapokuwa peke yake. Babu yake naye hakuwa na kipande kikubwa mahali popote pamoja. Alikuwa na kidogo juu, kidogo kati na kidogo chini, na jioni vyote vilipondwa katika sufuria moja.